Utepe Mwekundu, Utepe Mweupe

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza leo. Daftari hili nimepewa kazini niandike idadi ya chupa ninazoosha. Chupa nimeziandika mbele. Huku nyuma naandika yangu, maana Profesa haangalii hata huko mbele.

Kazi yenyewe ni kuosha vyombo vya maabara. Mtu akisikia maabara anadhani napima damu, na mume wangu huwaacha waendelee kudhani. Ukweli ni sinki, brashi na sabuni ya unga, kutwa nzima, kwenye chumba kilicho nyuma ya kile wanachofugia seli. Ndiyo, wanazifuga. Seli za watu, vitu vidogo ambavyo jicho tupu halivioni, zinakaa kwenye chupa bapa za kioo, zinakula maji ya rangi ya waridi, zinaongezeka, na kila wiki zinahamishiwa chupa nyingine kwa kuwa zimejaa. Kuna za ngozi, za mishipa ya damu na za jicho. Dada anayezilea, tunamwita Hadubini kwa kuwa hatoki kwenye hadubini yake, ameniruhusu nichungulie. Seli changa ni nyembamba, zimelala ubavu kwa ubavu kama dagaa. Zilizozeeka zimetanuka na kulegea kama yai la kukaanga, haziongezeki tena, na ukizitia rangi fulani zinageuka buluu.

Nikamuuliza kinachozizeesha. Akasema hewa tunayovuta inatula ndani kidogo kidogo, kama inavyokula bati. Profesa ana unga wa manjano wa kuzuia hilo, wao wanauita antioksidanti. Mimi nauita dawa ya kutu. Hadubini naye ameshaanza kuuita hivyo, Profesa akiwa hayupo.

Jumatano, 5 Machi

Profesa ameniita "wewe wa sinki". Ni wiki ya tatu hii ananiita hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimwandike Profesa vizuri, nisije nikasahau. Ni mwanamume wa miaka sitini anayejitahidi kuwa na arobaini. Nywele nyeusi tititi, hata mtoto mchanga hana nywele nyeusi vile. Mlango wa kabati la joto la kufugia seli ni wa kioo. Anasimama mbele yake, tunadhani anakagua seli, kumbe anajikagua nywele. Akimaliza anapumua kwa nguvu, anasema, "Tunakaribia." Hasemi tunakaribia wapi.

Kinachonichekesha ni utaratibu wake. Chupa zinazotiwa dawa ya kutu zimefungwa utepe mwekundu shingoni. Zisizotiwa, ambazo ni za kulinganishia, zina utepe mweupe. Anaogopa mabaki ya dawa yasije yakahamia kwenye nyeupe, kwa hiyo kuna sinki mbili, brashi mbili, waoshaji wawili. Nyekundu zangu. Nyeupe ni za kaka mmoja tunayemwita Haraka. Haraka huosha chupa kama mtu anayefukuzwa. Brashi ndani, brashi nje, maji mara moja, mara ya pili ikitokea, rafuni. Saa tano ameshamaliza, anakaa juu ya ndoo kusoma matokeo ya mpira, kisha ananiuliza mimi ni mgonjwa au ni mvivu.

Mimi nasuuza alivyonifundisha mama mkwe.

Jumamosi, 8 Machi

Leo sipo kazini, mtoto amelala, nimwandike Mama.

Mama mkwe wangu alikuwa dobi wa hoteli miaka ishirini na miwili. Nilipoolewa nilidhani najua kuosha sahani. Akapitisha kidole juu ya sahani yangu, akaiweka chini taratibu, akasema, "Hii bado haijalia." Sikuelewa. Akachukua sahani, akaisuuza, akasugua kidole, ikatoa mlio mwembamba, kwi. "Sabuni ikiisha, chombo kinalia. Kisipolia, unamlisha mwanangu sabuni." Nilimchukia mwaka mzima. Sasa siwezi kuweka chupa rafuni bila kusikia kwi. Mara nane, mara kumi, mpaka ilie.

Ndiye anayekaa na binti yangu nikiwa kazini. Anamwita mke mwenzangu, wanagombania kijiko kutwa. Lakini macho yake yamevaa ukungu. Ni mtoto wa jicho, yote mawili, mwaka wa tatu huu. Daktari wa macho amempa kadi: tarehe 21 Mei afanyiwe upasuaji, wa jicho la kulia kwanza. Madaktari wenyewe wanakuja hospitali yetu mara moja kwa mwaka. Mama ameitia kadi chini ya godoro. Kisu machoni anakiogopa kuliko giza, na anasema hivyo bila aibu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Chupa mia na sita.

Alhamisi, 27 Machi

Siku kubwa. Hadubini ametia rangi. Chupa za utepe mweupe zimegeuka buluu karibu zote, za ngozi, za mishipa, za jicho. Wazee watupu. Chupa za utepe mwekundu, za ngozi ni changa, za mishipa nazo si haba, na za jicho ni dagaa wa leo asubuhi. Hadubini ametazama mara mbili, akaniita nitazame. Za jicho!

Profesa ameingia na makofi, akatwambia tunashuhudia historia. Akaenda kwenye mlango wa kioo. Hata Haraka alishuka kwenye ndoo.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mvua yote ile, siisikii. Nimemwambia Mama kila kitu. Kwamba kuna dawa inayozuia seli za jicho zisizeeke, nimeiona kwa macho yangu. Alikuwa akimlisha mtoto uji. Akaweka kijiko chini. Akauliza polepole kama dawa hiyo inatiwa kwa kisu. Nikasema hapana, Mama, ni unga. Akanishika mkono, uji ukapoa.

Ijumaa, 28 Machi

Mume wangu amewaambia wenzake wote kazini. Sasa mimi ndiye niliyegundua.

Jumatano, 2 Aprili

Wanaotoa ruhusa ya utafiti wamemtaka Profesa arudie tangu mwanzo, seli mpya, kabla ya kuja wageni wanaotoa fedha, tarehe 16 Mei. Ameudhika kama mtu aliyeambiwa athibitishe jina lake. Kundi jipya limeanza leo, mikebe mipya ya unga, chupa mpya. Katika hasira akatoka nje kupiga simu, mvua ikamkuta uwanjani. Amerudi na michirizi myeusi kwenye kola, kushoto na kulia. Ile dawa ya kuzuia uzee aliyoitia kichwani mwake haizuii maji. Hakuna aliyethubutu kucheka. Hadubini aliinama kwenye hadubini mabega yakimtikisika.

Alhamisi, 3 Aprili

Haraka ameteleza kwenye ngazi za nyuma. Kifundo cha mguu. Alikuwa anawahi, wapi sijui. Bandeji kwa wiki sita. Profesa hakuuliza anaumwa kiasi gani, ameuliza nani ataosha nyeupe. Nimeangaliwa mimi. Sinki zote mbili sasa zangu, na nabadili glavu kati ya nyekundu na nyeupe mpaka vidole vimechubuka.

Jumatatu, 14 Aprili

Kuna jambo nimelifanya nimeona kama dogo. Leo muuguzi wa macho amepita nyumbani kuwakumbusha wenye kadi, afunge orodha. Mama amemwambia asimwandike, mkwe wake anafanya kazi maabara, dawa iko njiani. Muuguzi akaniangalia. Ningeweza kusema. Nikasema, "Kweli, ipo dawa wanaifanyia kazi." Muuguzi akaandika kitu, akafunga faili, akasema nafasi ataiacha wazi mpaka asubuhi ya siku yenyewe kwa sababu anamwonea huruma.

Namna alivyotamka huruma haikunipendeza. Nilimdharau kidogo. Yeye ni wa visu, nikajisemea, atajua nini.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimerudi nimekuta mtoto ana kifungo cha shati mdomoni. Mama alikuwa amemshika mapajani, akimwimbia, hajui. Nilikitoa kwa kidole. Mama alisikia nilivyovuta pumzi, akajua. Hakujitetea. Alisema tu, "Nilidhani ni meno yanamwota, anatafunatafuna." Kisha akawa anapapasa sakafu nzima kwa viganja, pembe hadi pembe, akitafuta vifungo vingine.

Nimewaza: unga wa Profesa ufanye upesi.

Jumanne, 6 Mei

Sikuandika wiki mbili. Mtoto alikuwa na homa, sasa mzima. Leo lazima niandike yote.

Hadubini ametia rangi kundi la pili. Aliangalia, akatoka, akanywa maji, akarudi kuangalia. Chupa nyeupe hazikuzeeka. Zimo humo dagaa kwa dagaa. Za jicho nyeupe na za jicho nyekundu huwezi kuzitofautisha ukifunika utepe. Za ngozi zenye dawa zimezidi kidogo, kidogo sana, kama mwanafunzi aliyepita kwa alama mbili. Na za mishipa ya damu ni aibu: zilizopewa dawa nyingi ndizo zinazoelea zimekufa, na zisizopewa kitu zimetulia zinakula.

Profesa alikuja na tai. Aliposikia, shingo ilijaa ndani ya tai. Hakutazama hadubini. Alikuja moja kwa moja sinki, akaniuliza mbele ya wote kama najua kusoma rangi. Nikasema najua. Akasema basi nimechanganya, nimehamisha dawa kutoka nyekundu kwenda nyeupe kwa mikono yangu michafu, nimeharibu kazi ya miaka minne. Nikasema nabadili glavu. Akasema, "Wewe wa sinki, hapa hatubishani, tunakuarifu."

Sikulia. Ningekuwa na kitu mkononi kisicho kioo ningekitupa.

Lakini jambo moja limenikaa. Kama ningehamishia dawa kwenye nyeupe, mbona nyeupe za mishipa hazikufa kama nyekundu za mishipa? Nimemwuliza Hadubini. Amenitazama kama aliyenisikia nikisema lugha ya kigeni sawasawa. Akasema, "Endelea."

Nikarudi sinki.

Jumatano, 7 Mei

Mvua kubwa, paa la chumba cha sinki linavuja juu ya ndoo ya Haraka, mahali pake pale pale. Chupa tisini.

Alhamisi, 8 Mei

Nimejua.

Leo chupa nyeupe zilipungua. Juu kabisa ya rafu kuna kreti ya nyeupe zilizooshwa kabla Haraka hajaanguka, zimeshapita kwenye chombo cha mvuke cha kuua vijidudu, ziko tayari kutumika. Nikateremsha moja. Kwa mazoea tu nikapitisha kidole mdomoni mwake. Haikulia.

Nikatia maji safi nusu kikombe, nikaziba, nikatikisa. Povu. Povu jeupe limesimama juu ya maji kama kofia. Nikachukua nyingine kwenye kreti. Povu. Nikachukua yangu, nyekundu, nikatikisa mpaka bega likauma. Maji matupu.

Nilikaa kwenye ndoo ya Haraka, na maji ya paa yakanidondokea kichwani, nikayaacha. Kwa hiyo kundi la kwanza nyeupe hazikuzeeka kwa kukosa dawa. Zililelewa kwenye sabuni. Masikini, wiki nne zinakunywa sabuni, zikazeeka kwa mateso. Na nyekundu zilikuwa changa kwa sababu zilisuuzwa mara kumi. Profesa alitenganisha sinki, akatenganisha brashi, akatenganisha hadi watu, akabaki bila mtu anayeosha zote kwa namna moja. Miaka minne amelinda chupa zisiingiwe na unga wake mtukufu, na sabuni haijampitia akilini, maana sabuni ni mambo ya wa sinki.

Hadubini ametikisa chupa saba mwenyewe. Mwisho akasema, "Dada, unga huu kwa ngozi unasaidia kidogo, kwa jicho hausaidii kitu, kwa mishipa ukizidi unaua. Basi. Kila seli na mambo yake."

Kwa jicho hausaidii kitu.

Ndipo nilipomkumbuka Mama. Furaha yote ikanishuka miguuni.

Ijumaa, 9 Mei

Tumemweleza Profesa, mimi na Hadubini, chupa mkononi. Alitikisiwa, akaona povu. Najua aliona, maana jicho lake la kushoto liliruka. Akasema usuuzaji ni suala la usafi, si la sayansi. Akamwambia Hadubini matokeo ya kundi la kwanza ndiyo yatakayosomwa kwa wageni na la pili litawekwa kando kwa "hitilafu ya mtumishi". Mtumishi ni mimi. Kuanzia Jumatatu nafagia korido.

Hadubini akasema hatatia sahihi kwenye matokeo hayo.

Nyumbani sijasema chochote. Mama ananiuliza kila siku nikivua viatu, "Wamefika wapi?" Leo nimesema, "Bado, Mama." Mwoga mkubwa mimi. Nimemwandika Profesa kurasa ngapi humu, nikamcheka nywele, na mimi naficha povu langu vilevile.

Jumanne, 13 Mei

Nimefagia.

Jumatano, 14 Mei

Nimefagia. Mama ameuliza. "Bado."

Ijumaa, 16 Mei

Wageni wamekuja, mabuti yao yote tope, na korido ni yangu. Nilikuwa nyuma yao na mopu. Profesa alisoma kwa dakika arobaini. Mama mmoja wa makamo, mgeni, miwani kwenye kamba, aliuliza nani anaosha vyombo na anasuuza mara ngapi. Swali la kwanza kabisa! Hadubini akasimama akaeleza povu.

Halafu nimeona kitu ambacho hata nikisimuliwa nisingeamini. Profesa akatabasamu. Akasema hilo la sabuni yeye aliligundua mapema, ndiyo maana alidai kundi la pili, na anamshukuru msaidizi wake kwa kulieleza vizuri. Bila kupepesa. Wakampigia makofi. Nilishika mopu kwa nguvu, nikaona kwamba mtu huyu hata ukimchemsha kwenye chombo cha mvuke atatoka na majivuno yake makavu.

Jioni kuna tangazo juu ya sinki zote mbili: SUUZA MARA KUMI. Chini, sahihi yake. Nimerudishwa sinki. Hakusema samahani. Alisema, "Wewe wa sinki, fuata tangazo."

Jumatatu, 19 Mei

Nimemwambia Mama.

Nilisubiri mume wangu awepo, kwa sababu yeye ndiye aliyelitangaza jambo mji mzima. Nikasema dawa haisaidii jicho. Nikasema niliyoyaona yalikuwa makosa ya uoshaji, na kwamba mtoto wa jicho aliyekwisha kuingia hata dawa ya kweli ya kuzuia uzee isingemtoa, hayo Hadubini aliniambia siku ya kwanza nikayaruka kwa sababu sikutaka kuyasikia. Nikasema keshokutwa ni tarehe 21.

Mume wangu akasema nimegombezwa kazini ndiyo maana nimegeuka. Akasema wakubwa wanaficha dawa wauze kwa matajiri. Nilimtazama huyu mwanamume ninayempenda, nikamwona ni Profesa asiye na maabara.

Mama hakupaza sauti. "Mwanangu, ulisema umeona kwa macho yako."

"Niliona, Mama."

"Na leo umeona tena."

"Ndiyo."

"Basi macho yako ndiyo ya kukatwa, si yangu."

Akampakata mtoto, akageukia ukutani. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwomba Hadubini chupa mbili zilizomeguka mdomo, za kutupwa. Moja ya kreti ya Haraka, moja yangu. Zote zimepita kwenye mvuke, hazina ubaya. Nimezibeba zimefungwa ndani ya kanga, mvua inanyesha, kama mtu aliyebeba mayai.

Nilipofika nilitia maji zote mbili, nikatikisa mbele ya Mama, nikasema, ona. Upumbavu ulioje. Aligeuza uso kule sauti ilikotoka na kusema, "Nione nini, mwanangu? Naona mwanga wa dirisha na kitu kinachocheza." Povu limesimama pale, kubwa, na mtu niliyemletea ndiye peke yake katika nyumba asiyeliona. Mume wangu aliliona. Akainama kulitazama karibu.

Nikabaki na chupa zangu. Mtoto akataka kuzishika, nikamzuia. Halafu nikamshika Mama mkono wa kulia, nikammiminia maji ya chupa ya Haraka kiganjani.

Alisugua kidole gumba na cha shahada. Mara moja tu. Uso wake wote ulibadilika, ukawa uso wa kazini, uso ulioniogopesha mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Nani ameosha hii?"

Nikasema kaka mmoja kazini.

"Hajasuuza." Akasugua tena, akanusa. "Mara mbili, tena kwa haraka. Huyu angefukuzwa siku ileile." Akafuta mkono kwenye nguo kwa chuki. "Ya pili."

Nikammiminia ya pili. Akasugua, akangoja, akasugua. Kisha akaniomba chupa yenyewe, nikampa kwa upande usiomeguka. Akapitisha kidole ubavuni. Kwi. Mtoto alicheka kwa ule mlio.

"Na hii nani?"

"Mimi, Mama."

Nikamweleza kwamba siri yote iko hapo. Dawa ya Profesa ilikuwa hii. Seli zilizobaki changa ni za chupa zilizosuuzwa mpaka zikalia, zilizozeeka zilizeeka kwa sabuni. Hakukuwa na unga wa ajabu. Kulikuwa na kidole chake.

Mvua ilikuwa inapungua, ilisikika kwenye ndoo tu. Halafu akaanza kucheka, polepole, kicheko cha tumboni kilichomtikisa mjukuu mapajani.

"Profesa mzima," akasema. "Miaka minne anashindwa na utelezi." Akajifuta machozi. "Na mimi nilitaka kumpa macho yangu mtu asiyejua kusuuza."

Akanyoosha mkono chini ya godoro, akatoa kadi, akampa mwanawe, akamwambia kesho asichelewe kama kawaida yake.

Jumatano, 21 Mei

Muuguzi alikuwa ameacha nafasi. Naandika kwenye benchi la hospitali. Mama aliniambia nisiingie naye, nimshikie tu mke mwenzake. Kabla ya mlango alimwuliza muuguzi kama vyombo vyao vinasuuzwa vizuri. Muuguzi akacheka. Mama hakuwa anatania.

Nilimdharau muuguzi huyu mwezi mzima. Nimemwomba radhi moyoni. Mdomoni bado.

Alhamisi, 22 Mei

Hakuna mvua. Siku ya kwanza bila mvua tangu Aprili.

Bandeji imetolewa asubuhi. Daktari aliinua vidole, Mama akavihesabu vyote. Tukarudi nyumbani, amejifunika jicho dhidi ya jua. Ndani akajifunua, akasimama katikati ya chumba asitikisike. Mume wangu alikuwa na maneno mengi ameyatayarisha, nikamkanyaga mguu.

Alitazama mikono yake kwanza. Akaigeuza. "Hii ya nani?" akauliza, na nikaona alikuwa anauliza kweli. Miaka mitatu hakuiona. Mikunjo yote imeingia akiwa hayupo. Akakunja ngumi, akakunjua, kana kwamba anavaa glavu mpya.

Kisha akamtazama mwanawe, akamvuta kichwa chini, akapitisha kidole juu ya sikio. "Mvi. Tangu lini?" Mume wangu alibaki ameinama. Sijawahi kumwona akiwa mtoto namna ile.

Mimi alinitazama mwisho. Alinitazama vizuri, juu hadi chini, nikangoja asamehe au agombe. Akaniambia nimekonda, nile. Halafu akamchukua binti yangu, ambaye hajawahi kumwona uso, kwani alizaliwa ukungu umeshafunga. Alimsogeza karibu, mbali, karibu tena. Mtoto akamshika pua.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Mbona hukusema una kidoti shavuni?"

Alikaa naye mpaka akalala. Kisha akaenda jikoni peke yake, bila kupapasa ukuta. Nikasikia anateremsha sahani zangu kutoka kwenye kabati moja moja, zote, kumi na nne, na baada ya kila moja nikabana pumzi.

Kumi na tatu zililia.